Kabla hamjaingia mtandao wa amani: jibu kwa mama wa upatu, Kigoma

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, niliondoka mwaka 1998 na sasa naishi Kigoma. Tuna kundi letu la upatu, akina mama 24: Wakongomani, Warundi na Watanzania, wengi wetu wauza dagaa, migebuka na vitenge. Mwaka huu shirika moja limetuomba tuingie kwenye mtandao wa kikanda wa wanawake wajenzi wa amani, pamoja na makundi ya Bukavu, Bujumbura na Rusizi upande wa Rwanda. Wenzangu wawili wamesema wakiingia Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo wa Kivu Kusini, wao wanatoka. Mimi mwenyewe nasitasita. Semina nimeziona nyingi: tunakula, tunapigwa picha, linasomwa tamko, tunarudi nyumbani na vita viko palepale. Je, kuna mahali wanawake wa nchi mbalimbali walikutana hivi wakabadilisha kitu? Na nitakaaje meza moja na mtu ambaye ndugu zake walichoma kwetu?

JIBU: Mama, umeuliza maswali mawili lakini mimi nimesikia matatu. La tatu hukuliandika: kama mkiingia, upatu wenu utapona? Nitalifikia. Nianze na lile jepesi.

Mahali kama hapo papo. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Afrika Magharibi, kwenye nchi za Mto Mano: Liberia, Sierra Leone na Guinea. Mei 2000, mjini Abuja, wanawake wa nchi hizo tatu waliunda mtandao ukaitwa MARWOPNET. Wakati huo wakimbizi walikuwa wakihama kutoka nchi moja hadi nyingine wakikimbia vita vilevile, maana waasi wa huku walilishwa na serikali ya kule. Rais Charles Taylor wa Liberia na Rais Lansana Conté wa Guinea hawakutaka hata kuonana. Mwaka 2001 ujumbe wa wanawake hao ukaenda kwa kila mmoja. Alikuwemo Mary Brownell, mwalimu wa Liberia ambaye umri ulikuwa umeshamwondolea woga. Akamwambia Conté kwamba watamfungia chumba kimoja na Taylor mpaka akili ziwarudi, na ufunguo yeye ataukalia. Conté akacheka. Akasema hakuna mwanamume ambaye angethubutu kumwambia hivyo. Akakubali, na mwaka 2002 marais wale wakakutana Rabat, Morocco.

Watu wengi huishia hapo wakapiga makofi. Mimi nakuomba usiishie hapo, kwa sababu mkutano wa Rabat haukumaliza vita. Mwaka uliofuata waasi wa LURD walikuwa wameshafika Monrovia wakiipiga mizinga. Kilichofuata ndicho kinachokuhusu wewe zaidi, maana waliokifanya hawakuwa na namba za simu za marais.

Wale walikuwa wanawake wa WIPNET, mtandao mwingine wa wanawake wajenzi wa amani. Aprili 2003 walivaa fulana nyeupe na vilemba vyeupe, Wakristo na Waislamu pamoja, wakakaa uwanjani karibu na soko la samaki la Monrovia, kando ya barabara anayopita rais. Walikaa juani, na mvua ikaja ikawakuta hapohapo. Kiongozi wao, Leymah Gbowee, unamjua kwa jina, alipata Nobeli ya amani mwaka 2011. Asatu Bah Kenneth hutajwa kwa nadra, naye alikuwa polisi na Mwislamu, na bila yeye nusu ya uwanja ule usingejaa. Juni mazungumzo yakaanza Accra, Ghana. Baadhi yao wakavuka mipaka wakafuata huko na kuungana na wanawake wa Kiliberia waliokuwa wakimbizi katika kambi ya Buduburam. Julai 21, walipoona wajumbe wanakula na kulala hotelini wiki baada ya wiki huku Monrovia inaungua, wakakaa kwenye milango ya ukumbi mikono wameshikana, hakuna kutoka. Askari walipokuja kumkamata, Gbowee akaanza kuvua nguo. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa maana yake: mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifanya hivyohivyo Uhuru Park, Nairobi, mbele ya polisi. Msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, akawazuia askari na kuwarudisha wanaume mezani. Agosti 18, 2003 mkataba ukasainiwa, na MARWOPNET wakatia saini yao kama mashahidi.

Mimi huwaita wale wa kiti na wale wa jamvi. Wa kiti walikuwa wasomi, wanasiasa, wanawake wa mjini wenye majina, walioweza kuingia ndani ya chumba. Wa jamvi walikuwa wauza samaki na wakimbizi waliokaa mlangoni. Hawakupendana sana, usidanganywe. Wa jamvi waliwaona wenzao ni mabibi wakubwa, nao wa kiti waliona vurugu. Lakini chumba kilibanwa ndani na nje kwa wakati mmoja. Ninyi mnaombwa kuwa jamvi la watu fulani. Si aibu. Aibu ni kukubali bila kujua nani amekaa kwenye kiti na anasema nini kwa jina lenu.

Sasa turudi kwetu. Warundi wa kundi lako waliokuwa watu wazima wakati ule watakumbuka Arusha. Mazungumzo ya Burundi yalipoanza mwaka 1998, msuluhishi akiwa Mwalimu Nyerere, vyama vilileta wanaume. Wanawake wa Burundi, Wahutu na Watutsi, wakajilipia na kuchangiwa nauli wakaja Arusha, wakaambiwa hawana kiti. Wakafanya kazi ya korido: kumvizia mjumbe akitoka kunywa chai, kumkumbusha kwamba mkimbizi anayemzungumzia humo ndani ni dada yake. Mwalimu akafariki Oktoba 1999, Mandela akapokea. Julai 17 hadi 20, 2000, Taasisi ya Mwalimu Nyerere na UNIFEM, shirika la wanawake la Umoja wa Mataifa wakati huo, wakaitisha mkutano wa wanawake hapohapo Arusha. Vyama vyote 19 vilivyokuwa mezani vilileta wanawake wawiliwawili.

Angalia jambo hilo. Hawakuletwa kama "akina mama wa Burundi" walio kitu kimoja. Kila mmoja alikuja na chama chake na hasira zake, akiwa na wafu wake kichwani. Walibishana siku nne. Wakatoka na orodha moja: usalama wa wanawake na watoto wanaorudi kutoka ukimbizini, elimu sawa kwa wasichana, kutosamehewa wabakaji, haki ya mwanamke kumiliki na kurithi ardhi, na asilimia 30 ya viti. Mandela akawasikiliza, na sehemu kubwa ya orodha ikaingia kwenye mkataba wa Agosti 28, 2000. Ile asilimia 30 wanaume waliikataa. Wanawake wakaendelea kuidai, ikaingia kwenye Katiba ya mwaka 2005.

Ushindi? Kwa upande wa viti, ndiyo. Lakini wengi wa wenzako Warundi huenda waliishi kambini Tanzania, kwa hiyo waulize kilichowakuta waliporudi. Mjane au binti aliyerudi kijijini alikuta mila palepale: ardhi ni ya wana wa kiume. Muswada wa sheria ya urithi ulikaa miaka na miaka, na kila ulipotajwa wanasiasa walisema nchi ni ndogo, ardhi haitoshi, mkiwagawia mabinti mtazua vita vingine. Ukivuka mto Akanyaru tu uko Rwanda, na huko tangu mwaka 1999 sheria inamruhusu binti kurithi sawa na kaka yake. Wanawake wa Rwanda walikuwa na chombo chao, Pro-Femmes Twese Hamwe, tangu mwaka 1992, na baada ya mauaji ya kimbari nchi ilijaa wajane ambao bila ardhi wangekufa njaa. Huko Kongo, hadi mwaka 2016 Kanuni ya Familia ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa kila jambo la kisheria, na dada zako wa Uvira waliojaribu kufungua akaunti wanaijua vizuri.

Ndiyo maana nasema mpaka una faida yake. Mwanamke wa Burundi akisema "tunataka kurithi" anaambiwa ni mawazo ya Wazungu. Akisema "jirani zetu wa ng'ambo ya Akanyaru wanarithi na milima yao haijaporomoka", mabishano yanabadilika. Hiyo ni kazi ya mtandao wa kuvuka mipaka ambayo hakuna semina ya upande mmoja inayoweza kuifanya: kubeba mfano kutoka nchi moja kuupeleka nyingine. Wanawake wanaouona mfumo dume ni tatizo la kisiasa wameijua mbinu hiyo tangu zamani. Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, amani na usalama, la Oktoba 31, 2000, ambalo hutalikosa kwenye kila semina, lilipitishwa mwezi ambao Namibia ndiyo iliyoongoza Baraza hilo, miezi michache baada ya tamko lililotolewa Windhoek, mji mkuu wake, kutaka wanawake wawe na nafasi katika kazi za kulinda amani. Mara nyingi linaletwa kwetu limefungwa kama zawadi kutoka New York, na Windhoek haitajwi.

Sasa swali zito.

Ukitoka Uvira ukashika njia ya kusini kandokando ya ziwa unafika Makobola. Kati ya Desemba 30, 1998 na Januari 2, 1999 mamia ya raia waliuawa hapo mikononi mwa waasi wa RCD, kundi lililokuwa na wapiganaji Wanyamulenge ndani yake, na washirika wao. Sijui kama ndiyo iliyokuondoa, wala sikuulizi. Ukitoka Uvira hiyohiyo ukaelekea kaskazini ukavuka mpaka kuingia Burundi, unafika Gatumba. Usiku wa Agosti 13, 2004 wakimbizi zaidi ya 150, karibu wote Wanyamulenge, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa kwenye kambi yao. Kundi la waasi wa FNL la Burundi lilijitangaza kuwa ndilo lililofanya. Makaburi haya mawili yana Uvira katikati. Waathirika wa pande zote mbili bado wanadai mahakama. Na nimehudhuria mikutano mingi ya wanawake wa ukanda huu ambayo Makobola ilitajwa na Gatumba haikutajwa, au kinyume chake, kutegemea nani aliitisha. Mara moja moja tu zilitajwa zote mbili katika kikao kimoja, na kila mara kikao kilivunjika kwa dakika kadhaa. Watu walitoka nje, wengine wakalia, mmoja akaita bodaboda. Kisha wakarudi. Vikao hivyo ndivyo ninavyovikumbuka.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba ninyi nyote ni mama na uchungu wa mama ni mmoja. Maneno hayo hufungua semina, hayabebi kitu. Mama mmoja anaweza kulia kwa ajili ya mwanawe huku akimshangilia aliyemuua mwana wa mwenzake, na tumewaona. Udada hauji mwanzoni. Ukipatikana, unapatikana baada ya kufanya kazi pamoja kwa muda mrefu, kama undugu wa wachuuzi mliolala mashua moja dhoruba ikipiga.

Wapo waliolifikiria jambo hili kwa makini kuliko wengi wetu. Oktoba 1991, Yugoslavia ikianza kusambaratika, wanawake wa Belgrade walianza kusimama kimya barabarani wamevaa nguo nyeusi. Walijiita Wanawake Wenye Mavazi Meusi, jina walilolipokea kutoka kwa wanawake wa Jerusalem walioanza kusimama hivyo mwaka 1988 kupinga ukaliaji wa ardhi za Wapalestina. Wanawake wa Belgrade waliamua kwamba wataanza na makosa ya upande wao. Hadi leo kila Julai 10 husimama katikati ya mji wao kuwakumbuka Waislamu wa Bosnia waliouawa Srebrenica mwaka 1995 na majeshi ya Waserbia. Wametemewa mate na kuitwa wasaliti. Lakini walipovuka kwenda Bosnia, wanawake wa huko waliwafungulia mlango, maana hawakuja kuomba "tusahau yaliyopita".

Kutoka kwa wanawake wa Bologna, Italia, waliowakutanisha Waisraeli na Wapalestina mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilitoka kanuni nyingine ambayo msomi Nira Yuval-Davis aliieleza vizuri. Kwa Kiswahili changu ni hivi: kila mmoja abaki na mizizi yake, lakini asogee hatua moja aone kutoka mahali pa mwenzake, na asirudi amepoteza mizizi. Halafu, hakuna anayekuja kama balozi wa kabila lake. Hili ndilo linalowahusu wenzako wawili. Mama wa Kinyamulenge atakayeingia kwenye kikao chenu hatakuwa RCD wala M23, waasi wa siku hizi, na asiulizwe kwa nini "ninyi" mlifanya hivi. Wanyamulenge wengi hawajawahi kugusa bunduki, na baadhi yao wamepinga hadharani vita vinavyopiganwa kwa jina lao. Wewe pia hutakuwa balozi wa wale wanaosema Mnyamulenge arudi "kwao", maneno ambayo Uvira yamesemwa redioni na mitaani na yameua watu. Ukikaa naye, lako la kwanza liwe kuhusu ubaya uliofanywa na upande wako. Najua ni vigumu. Na usimdai aanze yeye.

Nitakaaje meza moja naye, umeuliza. Labda msianze na meza. Anzeni na kitu ambacho kila mmoja anamhitaji mwenzake ili akipate. Mimi naamini sana jambo hili, na wenzangu wa taaluma hunicheka kwamba ninayaona mambo yote kwa macho ya soko. Wacha wacheke. Samaki mnayemwita mgebuka, Bujumbura wanamwita mukeke. Dagaa wenu ni ndagala wao. Chama mnachokiita upatu, Mkongomani anakiita likelemba na Mnyarwanda anakiita ikimina. Hao wanawake wa Rusizi na Bukavu wamekuwa wakivuka mto kila asubuhi na ndoo kichwani kwa miaka yote ambayo serikali zao zilikuwa zikitukanana, na wanapokosana wanakosana kuhusu deni. Ukishamdai mtu na yeye akakudai, mmeshajenga kitu ambacho mkufunzi wa amani hawezi kukileta kwenye mkoba.

Niwape mfano wa dai dogo lenye jina. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kwa mfanyabiashara mdogo: bidhaa zilizotoka ndani ya nchi wanachama, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hazitakiwi kutozwa ushuru wa forodha kama ziko kwenye orodha. (Vitenge vyenu visahauni, vingi vinatoka mbali. Samaki ndio pa kuanzia.) Je, cheti hicho kinaheshimiwa bandarini Kigoma? Kalundu, bandari ya Uvira, je? Mpakani Gatumba? Mwanamke anapoombwa "kitu kidogo" na kupapaswa na askari, ni nani anayeandika jina la kituo na saa? Makundi manne ya miji minne yakiandika daftari moja la namna hiyo kwa miezi sita, mtakuwa na kitu cha kumwekea waziri mezani kinachozidi matamko kumi. Na mtakuwa mmefanya kazi pamoja, Wanyamulenge wakiwemo, kabla ya kulazimishana kuzungumzia makaburi. Makaburi yatakuja yenyewe. Yatakuja siku moja mmekaa mnahesabu, mtu akataja tarehe.

Kuhusu maandamano makubwa ninayo maneno machache. Oktoba 17, 2010 Matembezi ya Wanawake ya Dunia yalifunga kampeni yake Bukavu na maelfu ya wanawake wakajaa barabarani. Nilifurahi, na kwa waliobakwa ilikuwa siku ya kuonekana. Kisha wageni wakapanda ndege.

Sasa lugha. Usipuuze hili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye semina ya wanawake wa Maziwa Makuu ambayo waandaaji, sitawataja, walikodi wakalimani wawili hodari wa Kifaransa na Kiingereza, na vifaa vya masikioni. Siku nzima wanawake sita wenye shahada walizungumza. Wachuuzi wa mpakani walikaa nyuma wamevaa vile vifaa kama mapambo. Jioni umeme ukakatika, vifaa vikazima, na watu wakaanza kuongea Kiswahili, kile cha Bukavu na kile cha Bujumbura na cha Kigoma, kila mmoja na chumvi yake. Tulipata mambo mengi zaidi katika saa ile ya giza kuliko mchana wote. Tangu siku hiyo ninapoalikwa nauliza kwanza lugha ya kikao. Kiswahili nacho kina historia yake: kwa wazee wa Uganda ni lugha ya askari wa Amin, na Rwanda wapo waliokizoea kama lugha ya sokoni tu hata baada ya kufanywa lugha rasmi mwaka 2017. Lakini kwenye ziwa lenu hakuna nyingine inayowafikia wote. Dai kwamba kumbukumbu za kikao ziandikwe kwa Kiswahili na zisomwe kwa sauti kabla ya mtu kusaini chochote.

Lipo pia la mipaka kufungwa. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Kila mtandao ninaoujua uliojengwa juu ya safari za mikutano ulinyamaza mara moja. Ile iliyoendelea kupumua ilikuwa na vitu vidogo: daftari la namba za simu kwa karatasi, mtu mmoja kila mji aliyejua nani yuko wapi, fedha kidogo za vocha zilizowekwa kabla, na mapatano kwamba hakuna anayesambaza sauti ya WhatsApp ya maiti au ya matusi mpaka amempigia simu mwenzake wa upande wa pili. Mapatano hayo ya mwisho yanaonekana madogo. Jaribu kuyashika siku mji wako unapigwa.

Kwa hiyo mwite afisa wa lile shirika, mpe chai, mwulize. Nani atasema kwa jina letu mbele ya serikali, na tutaona maneno hayo kabla au baada? Picha zetu zitawekwa wapi? Hili ni la uhai: mwanamke wa Bukavu akionekana kwenye picha amekaa na wanawake wa Rusizi, kuna watu mtaani kwake watakaomwita msaliti, na shirika halitakuwepo usiku huo. Mpaka ukifungwa, bajeti ya usafiri inaweza kugeuzwa kuwa vocha na chakula? Akianza kukujibu kwa maneno ya "uwezeshaji" na "ushirikishwaji", mwongezee chai na umwulize tena. Nimekutana na maafisa wazuri ambao walifurahi kuulizwa. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Na upatu. Hapa sibembelezi: fedha ya upatu isiingie kwenye mtandao, na fedha ya mtandao isiingie kwenye upatu. Msiubadilishe jina kundi, msiliandikishe upya kwa sababu ya mfadhili, msimpe mtunza fedha wenu cheo cha "mratibu". Wanaotaka kwenda kwenye mtandao waende kama watu sita au kumi wa kundi hilo, wakirudi watoe taarifa siku ya mchango kama mtoa taarifa yeyote. Nimeona makundi imara ya miaka 15 yakivunjika ndani ya miezi minane kwa sababu ya posho ya safari iliyomfikia mmoja na kumruka mwingine. Vita havikuweza kuyavunja.

Wenzako wawili usiwabembeleze na usiwahubirie. Wana sababu zao, huenda wanazo na maiti zao, na uamuzi wa kutokukaa na mtu nao ni haki ya mtu. Waambie wazi kwamba wasipoingia mtandaoni hawapotezi kitu kwenye kundi, na zamu yao ya kupokea ibaki tarehe ileile.